Busta inawaka, silinda baridi: lipime bomba likiwa moto

Mwezi wa Julai simu zangu nyingi hutoka Limuru, na malalamiko ni yale yale: "Fundi, nimechoma kuni tangu saa kumi na moja alfajiri na maji ya bafuni bado baridi." Kabla sijafungua mkoba wa spana, huuliza kwanza: maji yanatoka machache, au ni mengi ila hayana moto? Yakiwa machache, angalia tangi la juu. Likiwa mita mbili tu juu ya bafu, halina nguvu ya kusukuma, na busta ya kuni, yaani kichemshio cha maji kilicho jikoni, haina kosa lolote. Yakiwa mengi na baridi, basi hayazunguki kati ya busta na silinda, yaani tangi la kuhifadhia maji moto.

Mfumo huu hauna pampu. Lita ya maji yenye joto la nyuzi 20 ina uzito wa gramu 998. Yakifika nyuzi 60, lita hiyo hiyo ina gramu 983. Gramu hizo 15 ndizo zinazofanya kazi yote. Maji mepesi hupanda hadi juu ya silinda, mazito hushuka kwa bomba la kurudi na kuingia chini ya busta. Silinda ikiwa mita tatu juu, msukumo wote ni kama sentimita nne na nusu za maji, yaani hata kikombe cha chai hakijai. Ndiyo maana kiputo cha hewa kilichokaa mahali pabaya kinatosha kusimamisha kila kitu.

Kifaa changu cha kwanza ni kiganja. Moto ukiwa umewaka nusu saa, nalifuata bomba la kupanda, nikiligusa kidogo kidogo kwa sababu karibu na busta linaunguza. Mahali linapogeuka ghafla kutoka moto kuwa vuguvugu, hapo ndipo pa kuchimba. Kisha nagusa la kurudi. Likibaki baridi kabisa huku busta inanguruma, maji ya ndani yanachemka bila kwenda popote.

Nyumba moja ilinirudisha mara mbili. Bomba la chuma la zamani lilikuwa limeoza kwa kutu, na fundi aliyenitangulia akaweka PPR, bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuyeyushwa, ya milimita 25. Siku ya kwanza nilifika mchana, moto umezimika. Nikaweka pimamaji juu ya bomba darini: mteremko mzuri, linapanda mfululizo kuelekea silinda. Nikatoa hewa, nikaondoka nikiamini nimemaliza. Kesho yake Mama mwenye nyumba akapiga simu, maji ni baridi vile vile.

"Mama, leo usizime moto. Nataka kulipima likiwa moto."

"Basi ngoja niongeze kuni, fundi."

Nilipopanda darini kwa tochi nililiona. Bomba lililokuwa limenyooka jana lilikuwa limejikunja kama nyoka, linapanda, linashuka, linapanda tena kati ya vibanio. Plastiki hii hurefuka kama milimita 0.15 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Mita sita zikitoka nyuzi 15 hadi 75 huongezeka zaidi ya sentimita tano, na kwa kuwa lilikuwa limebanwa ncha zote mbili, urefu huo ulitafuta pa kwenda. Kila nundu ilikuwa imeshika hewa. Likipoa, linanyooka, na ushahidi unapotea. Chuma, kwa urefu na joto hilo hilo, hurefuka milimita nne hivi.

Nilipolikata nikakuta jambo la pili. Hiyo 25 ni kipimo cha nje. Tundu la ndani lilikuwa milimita 16 na nusu hivi, na kwenye kila kiungo plastiki iliyoyeyuka ilikuwa imeacha pete ndani. Kwa maji yanayosukumwa na uzito wake tu, tundu jembamba ni mzigo mkubwa. Isitoshe, plastiki haifai kukaa jirani na moto wa kuni.

Sababu nyingine zipo: geti valvu (koki ya kufunga na kufungua bomba) ambayo mkono wake unazunguka lakini kisahani kimekatika na kudondoka ndani, au chumvi ya maji ya kisima iliyoganda ndani ya busta. Lakini naomba sana: msifunge bomba la kupumulia, lile linaloachwa wazi juu ya tangi ili mvuke utoke, hata kama linatema maji kwenye tangi. Linatema kwa sababu busta inachemka, na mvuke usipopata njia utapasua busta pamoja na jiko.

Kwa Mama tuliweka chuma cha inchi moja, kikipanda sentimita mbili kila mita, kona mbili tu. Tukajaza maji polepole kutoka chini ili hewa itangulie. Baada ya dakika arobaini bomba la kurudi likaanza kupata uvuguvugu, naye Mama, aliyekuwa amepanda ngazi kuhakikisha mwenyewe, akaweka mkono juu ya silinda na kuutoa haraka.