Kulima mboga Uskoti: usiikimbilie Machi

Wengi wanaokuja kwenye mafunzo yetu ya bustani hapa Edinburgh wamekulia kwenye nchi za masika na vuli. Mvua ikishika, unapanda. Uskoti mvua haina zamu, hunyesha mwezi wowote, kwa hiyo haikupi ishara yoyote. Cha kutazama ni mwanga na joto la udongo, na hivi viwili haviji pamoja.

Mwishoni mwa Juni jua letu huchomoza kama saa kumi na nusu alfajiri na kuzama saa nne usiku. Desemba hutoka karibu saa tatu asubuhi, na saa kumi alasiri halijafika limeshazama. Ikifika Machi siku zimerefuka, maduka yamejaa mbegu, na mtu anashika jembe. Udongo bado wa baridi. Mbegu zinaozea humo humo.

Chota udongo, uufinye kiganjani. Ukibaki donge linalong'aa maji, subiri. Ukimeguka kwa kuguswa na kidole, chomeka kipimajoto asubuhi. Nyuzi 7 kwa wiki nzima zinatosha karoti na njegere. Maharage yanataka 12 hivi.

Kwa anayeanza napendekeza viazi mviringo vya mapema. Februari vipange kwenye trei za mayai, macho juu, mahali penye mwanga pasipo jalidi, yaani baridi ya kugandisha. Aprili vizike. Mei ndiyo inayoumiza watu: majani yameshatoka, usiku anga ni jeupe, upepo umetulia, jalidi inashuka, na asubuhi shamba limekuwa jeusi kama lililomwagiwa maji ya moto. Usiku wa namna hiyo yafukie majani kwa udongo au yafunike kwa shuka kuukuu. Na yakiungua, tafadhali usiving'oe. Mara nyingi machipukizi mapya hutoka chini. Julai na Agosti, joto likichanganyika na unyevu, huja bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani na viazi vyenyewe. Viazi vya mapema huwa vimeshaliwa, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kuvipendekeza.

Mahali ulipo pana uzito kuliko mwezi. Sehemu za milima ya magharibi hupata mvua ya zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, ilhali pwani nyingi za mashariki hazifikishi 800, ila hufunikwa na ukungu wa bahari hata katikati ya majira ya joto. Upepo nao! Osgood Mackenzie alipoanza bustani ya Inverewe, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, mwaka 1862, kwenye rasi iliyopigwa na upepo wa chumvi, alitangulia kupanda miti ya kukinga, akangoja miaka ikue. Kwako ua wa vichaka unatosha, na ni bora kuliko ukuta, kwa sababu hupunguza kasi ya upepo bila kuuzungusha.

Anayekumbuka sukuma wiki asihuzunike. Keli, ndugu yake wa damu, imelimwa Uskoti karne nyingi. Sia Mei, hamisha miche Julai, tandaza wavu kuzuia njiwa, uchume hadi baada ya mwaka mpya. Jalidi huifanya tamu zaidi, maana mmea hujiongezea sukari ili usigande. Mchicha uweke ndani ya kitalu nyumba.

Oktoba chomeka punje za kitunguu saumu, ncha juu. Baridi tunayoilalamikia ndiyo inayokifanya kigawanyike punje. Kikikosa baridi, mara nyingi utavuna tunguu moja la duara.