"Msaidizi Wangu Hajiamini": Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwalimu wa elimu maalumu akimwona msaidizi wake wa darasani anasitasita, hukumu huwa ya haraka: hajiamini, ndivyo alivyoumbwa. Dhana hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote potofu kuhusu wasaidizi. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu kuwa ataiweza kazi fulani hutoka sehemu nne: kuifanya akafaulu, kumwona mwenzake akiifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi anavyoisoma hali ya mwili wake, kwa mfano moyo unapomwenda mbio. Ile ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi. Sasa jiulize, darasani nani anayeamua kama msaidizi atayapata hayo?

Chukua mtoto mwenye usonji anayeziba masikio na kulia kila kengele inapogongwa. "Dada, hebu mshughulikie huyo," anasema mwalimu, kisha anageukia ubao. Msaidizi aanzie wapi? Mwalimu mwingine alishamwonyesha wa kwake tangu jana: maneno machache, kadi ya picha ya kinachofuata, kisha kusubiri. Leo anamwachia ajaribu, yeye akisimama hatua mbili nyuma. Akikosea, wanazungumza watoto wakishatoka, si mbele yao.

Wapo wanaodhani kwamba almuradi msaidizi ameketi karibu na mtoto, kazi inakwenda. Utafiti mkubwa ulioongozwa na mtafiti wa elimu Peter Blatchford katika shule za England na Wales, kati ya 2003 na 2008, ulikuta kwamba wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao waliofanana nao. Ni rahisi kuwatupia lawama wasaidizi. Watafiti wenyewe walielekeza kidole kwingine: namna walivyopangiwa kazi, na kukosa muda wa kukaa na mwalimu kabla ya kipindi. Wengi waliingia darasani bila kujua somo la siku hiyo linalenga nini. Hapo hata mimi na wewe tungesitasita.

"Basi wapelekwe kozi." Kozi ni nzuri, lakini haimalizi jambo. Nchini Marekani sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu inataka wasaidizi wafunzwe na pia wasimamiwe. Hilo la pili ndilo husahaulika, na sababu haifichiki: mwalimu alisomea kufundisha watoto. Kumwongoza mtu mzima, pengine mwenye umri wa mama yake, ni kazi nyingine kabisa, na vyuoni haipewi nafasi kubwa.

Kuhusu kumsifu msaidizi, "hongera, umefanya vizuri" haimfundishi mtu kitu. "Umesubiri kabla ya kumsaidia, naye amefunga kifungo mwenyewe" inamwonyesha cha kurudia kesho.

Nikiri pia kwamba uhusiano kati ya anavyoongozwa msaidizi na anavyojiamini hauendi upande mmoja. Msaidizi anayejiamini hupewa majukumu zaidi, na majukumu hayo humwongezea kujiamini. Mwoga huachwa asafishe meza, akazidi kunywea. Wala kujiamini si sawa na kujua kazi. Yule anayemshika mtoto mkono na kumwandikia kila herufi naye hujiamini sana, na mwalimu anayelipenda daftari hilo safi hajamwambia aachie kalamu.