Saa za Kiswahili si ukanda wa saa

Nimeletewa tena programu ya kukatia tiketi za basi ambayo mtengenezaji wake, ili saa zisomeke Kiswahili, amepunguza saa sita kwenye ukanda wa saa. Palipokuwa na Africa/Dar_es_Salaam, yaani UTC+3, saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, kaweka UTC-3, saa tatu nyuma yake. Jamani, mtindo huu tuuache kabisa.

Ukijaribu mchana huoni kasoro: 07:00 inasomeka saa 1, 14:00 inasomeka saa 8, kila mtu anaridhika. Sasa chukua basi linaloondoka Kange, stendi ya mabasi ya Tanga, saa 11 alfajiri, Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025. Kwenye hifadhidata ni 2025-03-07 05:00. Toa saa sita, unapata 2025-03-06 23:00. Tiketi inatoka imeandikwa Alhamisi 06/03/2025, saa 11. Saa ni yenyewe, siku siyo, na abiria anafika stendi na mizigo yake siku moja kabla. Safari yoyote ya kuanzia saa 6 usiku hadi kabla ya saa 12 asubuhi itapatwa na hayo hayo.

Mpangilio wa siku na mwezi naupitia haraka. Marekani hutanguliza mwezi, sisi siku, kwa hiyo 06/03 kwa mwenzako ni Juni. Andika mwezi kwa jina. Ndani ya hifadhidata tumia ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, mwaka mbele. Basi.

Kazi iko kwenye saa. Ukanda usiuguse, tarehe usiiguse. Geuza namba ya saa tu, tena wakati wa kuonyesha. Chukua saa, 0 hadi 23, jumlisha 5, gawanya kwa 12, shika baki, ongeza 1. Usingoje maktaba, yaani msimbo uliokwisha andikwa na wengine, ikufanyie. Ukiipa sw-TZ, alama ya Kiswahili cha Tanzania, itakupa majina ya siku na miezi, lakini mizunguko ya saa inayotambuliwa na Unicode, wanaoweka kanuni za lugha kwenye kompyuta, ni h11 (0 hadi 11), h12 (1 hadi 12), h23 (0 hadi 23) na h24 (1 hadi 24), yote ikihesabu kuanzia usiku wa manane. Wa kwetu haumo.

Kisha taja kipindi, maana saa 2 bila asubuhi wala usiku haimsaidii mtu. Hapa sikubaliani na data ya CLDR, hazina ya Unicode ya taarifa za lugha, inayohesabu alfajiri kuanzia 04:00 mpaka 07:00. Nani hapa Tanga anasema saa 1 kasorobo alfajiri? Kumeshakucha, watoto wako njiani kwenda shule! Mimi alfajiri naikatia saa 12.

Usiku ndio bado unanisumbua. 02:00 ya Ijumaa, kwa kompyuta, ni Ijumaa saa 8 usiku. Aliyezoea kuhesabu siku kuanzia magharibi ataielewa vilevile. Mwingine atadhani ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa, aje basi limeshaondoka tangu jana. Kwa hiyo naandika "usiku wa kuamkia Ijumaa, saa 8". Kwenye karatasi nyembamba ya tiketi inakula mistari miwili, na sijapata ufupisho ambao abiria wote watausoma namna moja.