Je, wajua kwa nini walinzi wa misitu huwasha moto wao wenyewe?

Ukiwaona watu waliovaa sare za zimamoto wakitembea msituni huku wakiwasha majani makavu kwa makusudi, ujue wanatekeleza sera ya serikali. Sera hiyo ilichelewa kwa miongo mingi, ingawa ushahidi wake ulikuwa wazi kwenye mashina ya miti.

Kisa chake kinafuatika vizuri zaidi Marekani. Mwezi Agosti 1910, kwa siku mbili tu, moto uliteketeza zaidi ya hekta milioni moja, hasa katika majimbo ya Idaho na Montana, ukaua watu wasiopungua 85, wengi wao wazima moto. Idara ya Misitu ya nchi hiyo ilikuwa na umri wa miaka mitano. Viongozi wake walitoka katika msiba ule wakiamini kwamba kila moto ni adui. Mwaka 1935 imani hiyo ikawa amri: moto ukiripotiwa leo, uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya kesho.

Watafiti wa miti walikuwa wakiona jambo jingine. Moto mdogo unaotambaa chini ya msonobari mkubwa hauuui. Huunguza upande mmoja wa shina na kuacha kovu, kisha mti huendelea kukua ukilifunika. Kwa kuwa kila mwaka mti huongeza pete moja, mtu akikata kipande cha shina anaweza kuhesabu na kujua moto ulipita mwaka gani. Misonobari ya ponderosa ya magharibi mwa Marekani ilionyesha makovu mengi yaliyokaribiana, kumaanisha kwamba kwa karne nyingi moto ulikuwa ukipita kila baada ya miaka michache. Halafu, kuelekea karne ya 20, makovu yanakoma.

Kukoma huko ndiko kulikoleta hatari. Moto usipopita, sindano za misonobari na matawi yaliyoanguka hurundikana, na miche ambayo ingeungua mapema hukua ikabanana. Miti hiyo myembamba hugeuka ngazi ya kupandisha moto hadi vileleni, na moto wa vileleni huua hata miti mikubwa iliyostahimili mingine yote. Kwa hiyo kila ushindi wa wazima moto ulikuwa unaweka akiba ya kuni kwa moto utakaofuata.

Harold Weaver, mtaalamu wa misitu, aliyaandika haya mwaka 1943, wakubwa wakayapuuza. Miaka ya 1960, mtafiti Richard Hartesveldt alionyesha kuwa mikwoya mikubwa (miti ya sequoia) ya California inakosa warithi kwa sababu mbegu zake huhitaji udongo uliosafishwa na moto. Mwaka 1963 kamati ya wanasayansi iliyoongozwa na A. Starker Leopold ikaishauri serikali iuchukulie moto kuwa sehemu ya uhai wa hifadhi. Idara ya Hifadhi za Taifa ilibadili sera mwaka 1968, na Idara ya Misitu ikaiacha amri ya saa nne mwaka 1978. Kutoka kwa Weaver hadi hapo ni miaka 35, na misitu ilikuwa inajaza kuni muda wote huo.

Sayansi hiyohiyo inakataza kuchoma kiholela. Vichaka vya kusini mwa California vikichomwa mara kwa mara hufa, na nafasi yao huchukuliwa na nyasi za kigeni zinazoshika moto kwa urahisi zaidi. Sera nzuri huuliza kwanza: mahali hapa pamezoea moto wa namna gani?

Utafiti umegusa nyumba pia. Jack Cohen, mtafiti wa moto, alishiriki majaribio ya miaka ya 1990 kaskazini mwa Kanada ambako kuta za mbao zilisimamishwa karibu na msitu, kisha msitu ukawashwa. Baadhi ya kuta zilizokuwa umbali wa mita 10 zilishika moto. Za mita 30 hazikushika. Basi nyumba zilizo mbali zaidi huunguaje? Mara nyingi ni cheche zinazopeperushwa na upepo, zikatua kwenye mfereji wa paa wenye majani makavu au kupenya kwenye matundu ya hewa. Kanuni za ujenzi za California za 2008 zilidai nyumba mpya katika maeneo ya hatari zihimili cheche. Mwaka 2018 moto uliuharibu mji wa Paradise, ukaua watu 85 na kuteketeza majengo zaidi ya 18,000. Miaka miwili baadaye jimbo likapitisha sheria inayolenga mita moja na nusu ya kwanza kuzunguka nyumba, pasiwe na kitu cha kushika moto.

Inaniuma kwamba sheria nyingi hungoja msiba. Australia ilikuwa na kipimo cha hatari ya moto kilichobuniwa na Alan McArthur, ambacho 100 ilikuwa hali mbaya kabisa, ile ya moto wa mwaka 1939. Tarehe 7 Februari 2009 hali ilivuka 100 na watu 173 wakafa. Baada ya hapo liliongezwa daraja jipya la juu, lenye ujumbe mmoja kwa wakazi: ondokeni mapema.

Katika haya yote, wenyeji wa asili wa California walikuwa wakichoma ardhi yao kwa utaratibu muda mrefu kabla ya maabara yoyote. Gavana wa Kihispania aliwapiga marufuku kuchoma mwaka 1793. Mwaka 2021 jimbo hilo lilipitisha sheria inayowapunguzia mzigo wa gharama za kuzima moto wasimamizi waliohitimu wa uchomaji, mradi hawakufanya uzembe mkubwa, na kinga hiyo inawataja pia wenyeji wanaochoma kwa desturi zao.