Thamani ya kapasita si bei yake

Mwezi huu nimepokea amplifaya tatu za gitaa zenye ugonjwa mmoja. Wenyewe walikuwa wamezifungua, wakang'oa kapasita zinazopitisha sauti kutoka valvu (taa ya kioo inayokuza sauti) moja hadi nyingine, wakapachika zile za rangi ya chungwa zilizoagizwa ng'ambo kwa bei ya kuumiza, kisha wakaniletea kwa kuwa sauti waliyoahidiwa haikuja. Nimelieleza jambo hili kwa mdomo mara nyingi katika karakana yangu hapa karibu na Luthuli Avenue, Nairobi, na sasa naliandika kwa sababu inaniuma kuona wapigaji wakipoteza fedha na kuharibu mashine nzuri. Chapa ya kapasita haiipi amplifaya ya valvu sauti mpya. Kinachoibadilisha sauti ni thamani yake, yaani idadi ya mikrofaradi, pamoja na afya ya saketi inayoizunguka.

Ya tatu ilikuwa ya wati 50 yenye valvu mbili za nguvu za aina ya EL34, mali ya kijana anayepiga katika bendi ya kanisa. "Fundi, nimeweka kapasita za hali ya juu kabisa," aliniambia, "lakini sauti imekuwa kali na baada ya nusu saa inaanza kukwaruza." Kabla ya kushika bisibisi niliigeuza nikatazama nyuma. Kiteuzi cha volti kilikuwa kwenye 220, ilhali stima yetu imepangwa kuwa volti 240. Niliiwasha, nikazima taa ya mezani, na baada ya dakika chache nikamwonyesha bamba la anodi (linalopokea mkondo ndani ya valvu) la valvu moja likianza kuiva jekundu katikati. Hita, yaani nyuzi zinazoipasha valvu joto, ambazo hutakiwa kupata volti 6.3, zilikuwa zikipata 6.9. Anodi ilikuwa na volti 491 na kila valvu ilikuwa ikivuta miliampea 61, ambazo ni karibu wati 30, wakati EL34 imeundwa kuhimili wati 25 kwenye anodi. Hata ukiondoa mkondo wa skrini (waya mwingine ndani ya valvu), ambao multimita huuhesabu pamoja kwa kuwa tunapimia kwenye kathodi, mahali mkondo wote wa valvu unapopitia, bado valvu ile ilikuwa ikichomwa.

Nilihamisha kiteuzi hadi 240, nikaweka valvu mpya, nikapanga bayasi, yaani mkondo ambao valvu huvuta ikiwa imetulia, kwenye miliampea 36 kwa volti 455. Alipopiga tena alinyamaza kwa muda, akacheza kipande kile kile mara tatu. Kapasita zilikuwa zile zile.

Kuhusu bayasi nina shaka moja ambayo ni haki kuieleza. Mafundi wengi hufuata kanuni ya asilimia 70 ya uwezo wa anodi, nami huanzia hapo, lakini si sheria ya maumbile. Zipo amplifaya nilizoziacha kwenye asilimia 60 kwa sababu ziliimba vizuri zaidi na valvu zikadumu. Mita hunionyesha mahali salama, lakini mahali patamu napatafuta kwa sikio, na sikio langu la jioni si lile la asubuhi.

Wenye amplifaya za Marekani za volti 120 wajue kwamba transfoma ya kupunguza umeme hutatua suala la volti tu. Masafa yanabaki hezi 50, na transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 pekee hupata joto zaidi. Ipe nafasi ya kupumua.

Sasa nirudi kwenye kapasita, maana hapa ndipo uongo ulipojenga nyumba. Anodi ya valvu ya kwanza, kwa kawaida 12AX7, hukaa kwenye volti kama 200 za mkondo mnyoofu (DC). Kazi ya kapasita ni kuuzuia mkondo huo usifike kwenye gridi, lango la kuingilia sauti, ya valvu inayofuata na wakati huo huo kuiruhusu sauti ipite. Ikiungana na rezista iliyo mbele yake, hukata besi chini ya kiwango fulani. Mikrofaradi 0.022 na rezista ya megaohomu 1 hukata karibu na hezi 7, na uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi hutoa hezi 82. Ukiitoa kapasita ya 0.022 ukaweka nyingine ya 0.022, hata kama ya kwanza imepungua hadi 0.019 na mpya imezidi hadi 0.025, unahamisha mpaka ulio mbali sana chini ya noti ya mwisho unayoweza kupiga. Lakini ukiweka 0.0022, mpaka unapanda hadi hezi 72, na kila aliye chumbani atasikia kwamba besi imepungua.

Nilimfanyia kijana yule jaribio. Niliunganisha swichi kati ya kapasita yake ya bei na moja ya poliesta ya kawaida, zote za 0.022, nikamwomba atazame ukutani na aniambie ni ipi inayotumika. Niliteremsha volyumu kabla ya kila kubadili ili mlio wa swichi usimsaidie. Katika majaribio 20 alipatia 11, ambayo ni sawa na kurusha sarafu. Kisha nikahamishia swichi kwenye kapasita ya kathodi ya valvu ya kwanza, kati ya mikrofaradi 25 na 0.68. Alipatia yote 20, na mengine alijibu kabla noti haijaisha.

Nadhani imani hii ya chapa ilizaliwa mahali pa haki. Kapasita za karatasi za zamani huvujisha volti hadi kwenye gridi inayofuata, bayasi ya valvu hiyo ikavurugika na sauti ikawa nzito na chafu. Mtu aliyezibadilisha alisikia tofauti ya kweli, ila akaisifu chapa ya kapasita mpya badala ya kuilaumu ile mbovu iliyotoka. Pima uvujaji kwanza: chomoa upande mmoja wa kapasita, upande wa gridi, kisha tafuta volti za mkondo mnyoofu pale. Zikiwapo, badilisha bila kusita, kwa kapasita yoyote nzima ya volti 400 au zaidi. Nami simwiti mwongo mpigaji wa rumba anayeniambia anaisikia tofauti chini ya vidole vyake. Mimi mwenyewe, baada ya saa tatu za kulehemu, nimewahi kusikia uzuri ambao kesho yake haukuwapo, ndiyo maana siku hizi narekodi kabla na baada ya kazi.

Mwenye shaka na atazame historia. Amplifaya ya Kiingereza, Marshall JTM45 ya mwaka 1962, ilitokana na mchoro wa amplifaya ya Kimarekani Fender Bassman 5F6-A karibu kipande kwa kipande, lakini masikioni ni mashine mbili tofauti. Spika zilikuwa nyingine, kabati likawa lililofungwa nyuma, na baadaye Marshall walibadilisha thamani za vipande: rezista ya kathodi ya ohomu 820 na kapasita ya mikrofaradi mamia ikawa, kwenye njia moja, ohomu 2700 na 0.68. Katika bendi ya benga mabadiliko hayo madogo, yanayopunguza besi, ni dawa, kwa kuwa gitaa la solo huacha kugombania chini na gitaa la besi, na nyuzi nyembamba husikika bila kuongeza sauti. Ukiona amplifaya inawahi kuvunja sauti, valvu ya 12AY7 mahali pa 12AX7 ya kwanza hupunguza ukuzaji wa sauti bila kulehemu chochote. Na mwenye fedha za kitu kimoja tu anunue spika: desibeli 3 zaidi za wepesi wa spika kugeuza umeme kuwa sauti ni sawa na kuzidisha wati mara mbili.

Atakayefungua mwenyewe, nasisitiza, kapasita kubwa za chujio la umeme huweza kubaki na zaidi ya volti 400 baada ya kuchomoa waya ukutani, na volti hizo huua. Zimalize kupitia rezista ya ohomu 100,000 ya wati 5, subiri dakika moja, kisha pima hadi uone karibu sifuri kabla ya kuingiza mkono.

Kijana yule alitaka nimrudishie kapasita zake za awali. Nilikataa. Alipozing'oa aliinua njia mbili za shaba kwenye bodi, na kuipasha moto bodi ile mara ya tatu kungeziharibu kabisa. Nilitengeneza njia hizo kwa waya mwembamba, nikaziacha za rangi ya chungwa mahali pake kwa kuwa hazina kosa lolote, nikabandika karatasi ndani ya kifuniko cha nyuma: volti 240, bayasi miliampea 36, kathodi ya kwanza 0.68.