Begi lisilopitisha maji halitoi unyevu pia

Kila masika ikikaribia naulizwa swali lile lile: "Kaka, begi gani la bega la kamera halipitishi maji?" Nikijibu kwamba hilo si swali la kwanza la kuuliza, watu wanadhani nawakwepa. Siwakwepi. Lenzi nyingi za Dar haziharibiwi na mvua, zinaharibiwa na fangasi, na fangasi huota humo humo ulimofungia kamera ukiamini umeilinda.

Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 au 70 kwa muda, pakawa na giza na hewa haitembei, nyuzi nyeupe kama za buibui huanza kutambaa kwenye vioo vya ndani. Jiji letu liko ufukweni, kiwango hicho tunakipata hata isiponyesha. Sasa sponji ya begi inanyonya jasho lako kutwa nzima, halafu kitambaa chenye utando wa plastiki kinazuia unyevu ule kutoka. Ukirudi toka kwenye sendofu saa saba usiku, ukalisukuma begi chini ya kitanda likiwa limefungwa mpaka Jumamosi ijayo, umewaandalia fangasi kitalu.

Halafu hilo neno "halipitishi maji" lenyewe. Kitambaa mara nyingi ni kweli hakipitishi. Maji huingilia kwenye matundu ya sindano na pale vishikio viwili vya zipu vinapokutana. Geuza begi nje ndani: kama mishono haikubandikwa utepe, kila tundu linapitisha. Jaribu nyumbani kabla hujaweka kitu. Jaza tishu ndani, funga zipu, mimina lita moja ya maji polepole juu ya zipu na pale mkanda uliposhonewa, subiri dakika tano, kisha angalia tishu ipi imelowa. Pale kwenye mkanda watu husahau: mkanda hunyonya mvua begani na kuishusha moja kwa moja hadi kwenye mshono.

Utando huo wa plastiki nao unazeeka. Joto na unyevu huuvunja hata kama begi halitumiki. Ukinunua mtumba, sugua upande wa ndani wa kitambaa kwa kidole gumba. Ukihisi unanata, au kidole kikatoka na magamba kama ya ngozi iliyobabuka, liache hata kama lina jina kubwa. Magamba hayo huishia kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachonasa picha, siku unapobadili lenzi.

Mimi nachagua turubai au nailoni nene, kasha la sponji linalotoka lote, na mfuniko wa mvua wa kuvalisha juu. Kasha linalotoka ndilo muhimu kuliko yote, maana linaanikika.

Kuna wakati begi lazima libaki limefungwa. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje, kioo bado ni cha baridi na hewa imejaa maji, kwa hiyo lenzi inapata ukungu papo hapo. Iache ndani ya begi, zipu imefungwa, dakika 20 hadi 30 ipate joto taratibu. Ukifika nyumbani, toa kila kitu. Kamera na lenzi zikae kwenye kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli (vile vipakiti vya chembe zinazonyonya unyevu) na kipima unyevu, ukilenga asilimia 40 hadi 50. Silika ndani ya begi linalofunguliwa kila dakika tano harusini naitilia shaka. Huwa naiweka, lakini siitegemei.

Uzito na ukubwa, kwa haraka. Kamera ya Canon 5D Mark IV ni gramu 890 na betri yake, lenzi ya 24-70 f/2.8 toleo la pili ni 805, lenzi ya 70-200 f/2.8 toleo la tatu ni 1,480. Ongeza flashi na begi lenyewe, unapita kilo nne na nusu kwenye bega moja. Kwa hiyo mkanda uwe na upana wa sentimita 5 na ushonwe kwa mraba wenye msalaba ndani. Kina cha ndani kisipungue sentimita 20, la sivyo kamera yenye lenzi ikiangalia chini itasukuma zipu mpaka iachie.

Kwenye mwendokasi na Kariakoo begi likae tumboni, mfuniko ukifungukia upande wako. Kwenye bodaboda vaa mkanda ukikatiza kifua na uufupishe, maana begi likining'inia hadi kwenye ekzosi, nailoni inayeyuka. Ukivuka na pantoni kwenda kupiga picha ufukweni Kigamboni, zipu ioshwe jioni ile ile kwa maji ya bomba na mswaki, kasha likiwa limetolewa, kisha begi litundikwe penye upepo, zipu wazi, mpaka asubuhi.