Fuwele za siki hazikuwamo ndani ya jiwe

Ukichukua kipande cha jiwe la matumbawe, la aina iliyojengewa nyumba za kale za mwambao, ukakilaza katika bakuli la siki nyeupe na kukiacha dirishani hapa Tanga kwa siku kadhaa, utaona kwanza mapovu, kisha ukoko mweupe wa fuwele ndogondogo ukipanda ukingoni mwa bakuli na juu ya ncha ya jiwe iliyobaki nje ya siki.

Wengi husema kwamba siki imezifichua fuwele zilizokuwa zimejificha jiweni. Sivyo. Jiwe hilo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati, ambayo huvunjwa na asidi ya siki: hewa ukaa hutoka kwa mapovu (siki haichemki, gusa bakuli uone), na kalsiamu hushikana na asidi kuwa kitu kipya, kalsiamu asetati, kinachobaki kimeyeyuka mpaka maji yakauke. Kinachonishawishi mimi ni hesabu. Lita 1 ya siki yenye asidi asilimia 5 hula gramu 42 hivi za kalsiamu kabonati, lakini ikikaushwa yote huacha gramu 66 hivi za asetati, mbali na maji yanayonaswa ndani ya fuwele. Jiwe haliwezi kutoa zaidi ya lilichopoteza. Ziada hiyo imetoka kwenye siki. Ndiyo maana pia mapovu yakikoma jiwe huwa bado lipo: kilichokwisha ni asidi.

Wapo wanaoziita chumvi ya bahari, na jiwe la ufukweni ambalo halikuoshwa linaweza kweli kuwa na chumvi kidogo. Ila chumvi hujipanga katika vijichemraba, ilhali asetati hutoa vijisindano.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi ni kwamba hivi ndivyo yalivyoumbika mawe yanayoning'inia katika mapango ya Amboni, kaskazini mwa mji. Kufanana kupo, kwa kuwa huko nako asidi hafifu huyeyusha mwamba wa chokaa. Lakini asidi hiyo ni maji ya mvua yaliyobeba hewa ukaa ya udongoni, na yanapodondoka pangoni hewa hiyo hutoroka, kalsiamu kabonati ikarudi kuwa jiwe lile lile. Fuwele za bakulini, kinyume chake, zikimwagiwa maji hutoweka. Kama mawe ya Amboni yangekuwa asetati, masika yangekwisha kuyayeyusha zamani.

Si kila jiwe litakalofanya hivi, kwani kokoto ya kwatzi, madini magumu yasiyo na kalsiamu kabonati, hailiwi na siki hata ikikaa mwezi mzima. Makombe ya baharini, hata hivyo, ni kalsiamu kabonati kama tumbawe, hivyo anayeyaloweka katika siki kwa kuamini kwamba anaondoa uchafu tu, anaondoa na kombe lenyewe.